Tone la Karafuu, Kipimo cha Nazi

Mafuta ya mnukio ni kimiminika chepesi kinachobeba harufu ya mmea, ambacho hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji katika majani, maua, magome, mizizi au vikonyo vya mmea huo, au, kwa jamii ya michungwa na milimau, kwa kukamua maganda ya matunda bila kutumia moto. Ingawa huitwa mafuta, hayafanani na mafuta ya nazi wala ya ufuta, kwa kuwa hayana shahamu, hupotea hewani yakiachwa wazi, na mengi yake hayaachi doa la utelezi kwenye karatasi yakishakauka. Chupa zake ndogo siku hizi zinauzwa katika maduka ya urembo ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa na katika vibanda vya viungo vya Unguja, nazo zimepata sifa mbili kwa pamoja: ya kuwa tiba ya nyumbani kwa takriban kila maradhi, na ya kuwa zawadi inayomfaa mtu yeyote. Sifa ya kwanza imetiwa chumvi kupita kiasi. Ya pili ina mizizi mirefu kuliko wauzaji wengi wanavyofahamu, kwa kuwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wakitunukiana harufu nzuri karne nyingi kabla ya chupa hizo kufika, na katika desturi yao mlikuwa na jambo ambalo vibandiko vya chupa mara nyingi havilisemi, yaani kwamba harufu kali hutolewa kwa kipimo, ikiwa imechanganywa na kitu cha kuituliza.

Mfano ulio karibu zaidi ni karafuu. Mmea huu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa walikuwa wameuotesha, ukaenea kwa kasi katika enzi ya Sultani Seyyid Said kwa jasho la watumwa, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba, ambayo haikuumizwa kwa kiasi hicho, ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo. Karafuu huchumwa kwa vishada, kisha familia nzima huketi usiku kuchambua, yaani kutenganisha karafuu zenyewe na vikonyo vilivyozishika, na karafuu huanikwa juani kwenye majamvi mpaka zigeuke rangi ya hudhurungi iliyokoza. Vikonyo vinavyobaki, ambavyo Wapemba huviita makonyo, havina bei ya karafuu, lakini si takataka, kwa sababu vina mafuta ya kiasi cha asilimia 5 hadi 6 ya uzito wake, ilhali karafuu kavu zina asilimia 15 hadi 20.

Kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo kipo Wawi, karibu na Chake Chake, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo kwa miongo mingi ndilo lililoshika ununuzi wa karafuu visiwani. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri: makonyo hushindiliwa ndani ya tangi, mvuke hupandishwa kutoka chini na kuyafumua mafuta yaliyofichwa katika vijifuko vidogo vya mmea, mchanganyiko wa mvuke na mafuta hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, na mwishowe hudondoka ukiwa vimiminika viwili visivyochanganyika. Mafuta mengi ya mnukio huelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama, na mkamuaji huyachota kutoka chini ya chombo. Kiwanda hicho hicho hukamua pia majani ya mkarafuu, mchaichai na mkaratusi, na wageni wanaotembezwa Pemba hutoka na vichupa mifukoni, jambo ambalo limefanya bidhaa iliyokuwa ikisafirishwa kwa mapipa kwenda viwanda vya ng'ambo ianze kuuzwa kama kumbukumbu ya safari.

Kinachoyapa mafuta ya karafuu nguvu zake ni eujenoli, kemikali ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya asilimia 70 ya mafuta hayo, yenye uwezo wa kuua vijidudu na kutia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kupata saruji laini ya kuziba jino kwa muda, na watafiti wa samaki huitia majini kidogo ili samaki wasinzie wakati wa kupimwa. Bibi anayemwambia mjukuu aume karafuu moja upande wa jino linalouma anatumia eujenoli hiyo hiyo, ila kwa kiasi ambacho karafuu yenyewe inakiachia polepole. Anayedondosha mafuta matupu kwenye ufizi anapeleka kiasi kikubwa kwa mara moja, na matokeo yake yanaweza kuwa kidonda juu ya maumivu aliyokuwa nayo. Tofauti ya mmea mzima na mafuta yaliyokamuliwa kutoka humo ndiyo inayosahaulika kila inaposemwa kwamba kitu cha asili hakina madhara.

Ufundi wenyewe wa kukamua ni wa kale. Mwanafalsafa al-Kindi, aliyeishi Iraki katika karne ya 9, aliacha kitabu kizima kuhusu kemia ya manukato na namna ya kuyatonesha, na Ibn Sina, aliyekuja baada yake, mara nyingi hupewa sifa ya kuukamilisha ufundi wa kupata mafuta ya waridi, ingawa wanahistoria wengi wanaona kwamba alirithi kazi ya waliomtangulia. Kwa kuwa waridi lina mafuta kidogo mno, kiasi kwamba kilo moja ya mafuta yake huhitaji petali za uzito wa tani 3 hadi 4 au hata zaidi, watu wa kawaida hawakuyajua mafuta hayo bali maji yanayotoka pamoja nayo, ambayo hubaki na harufu hafifu ya ua. Hayo ndiyo marashi mawaridi. Katika milima ya Jebel Akhdar nchini Oman, waridi huchumwa alfajiri katika majira ya machipuko na kupikwa katika vyungu vilivyojengewa ndani ya jiko la udongo, na marashi yake, yenye mguso wa moshi, yamekuwa yakivuka bahari kwenda Zanzibar na Mombasa kwa vizazi vingi, yakinyunyizwa kwa mrashi juu ya waliohudhuria harusi na maulidi na kutiwa tone katika halua na katika maji ya kunywa. Ukiyatazama kwa jicho la leo, hayo ni matumizi salama kuliko yote ya mafuta ya mnukio, maana mafuta yaliyomo majini ni machache mno kiasi cha kutoweza kumuunguza hata mtoto.

Ua jingine lenye historia katika eneo hili ni langilangi, ambalo Waswahili hulitia katika vikuba, yaani vifungo vidogo vya maua na majani ya kunukia, na kulitandaza juu ya kitanda cha maharusi. Mti wake ulitoka kusini-mashariki mwa Asia, na Visiwa vya Komoro, hasa Nzwani, vimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake, ambayo hununuliwa na nyumba za manukato za Ufaransa; Chanel No. 5, iliyotolewa mwaka 1921, ni mojawapo ya manukato mashuhuri yaliyojengwa kwa kuyategemea. Miti hukatwa vilele ili ibaki mifupi na wanawake waweze kuchuma maua asubuhi na mapema, kisha ukamuaji huendelea kwa saa nyingi, mara nyingine mchana na usiku, huku mafuta yakikingwa kwa madaraja: yanayotoka mwanzo, yaliyo mepesi na matamu, huitwa ekstra na huwa na bei ya juu, na yanayofuata hushuka hadhi na kuishia kwenye sabuni. Moto wa muda wote huo hula kuni, na misitu ya visiwa vile imelipa sehemu ya gharama ya manukato hayo, suala ambalo majiko bora na matangi ya chuma kisichoshika kutu yameanza kulipunguza bila kulimaliza.

Asumini, kwa upande wake, haivumilii mvuke. Harufu yake huharibika kwa joto, hivyo viwanda huitoa kwa viyeyusho vya kemikali, na hapo zamani ilitolewa kwa kulaza maua juu ya mafuta mgando hadi yanyonye harufu, njia zote mbili zikiwa ghali. Kwa hiyo chupa ya mafuta safi ya asumini inayouzwa kwa bei ya soda haiwezi kuwa kile inachodai kuwa. Ndani yake mna harufu ya maabara iliyochanganywa na mafuta ya kupikia au kiyeyusho kingine. Harufu ya maabara si haramu wala si lazima iwe mbaya, na mengi ya manukato yanayopendwa yametengenezwa hivyo, lakini mnunuzi anastahili kujua analipia nini. Chupa ya kweli huandikwa jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyokamuliwa na nchi ilikotoka, na huwa ya kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu mwanga huyaharibu mafuta na baadhi yake huweza kula plastiki. Tone moja likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe na kuacha duara la grisi siku ya pili, yamkini kilichomo kimeongezwa mafuta ya mbegu, ijapokuwa mafuta mazito kama ya msandali huweza kuacha alama bila ya kughushiwa.

Wazo la kuyageuza mafuta haya kuwa tawi la tiba lenye jina lake ni jipya zaidi. Mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya manukato huko Lyon na ambaye mwenyewe aliungua katika mlipuko wa maabara mwaka 1910, alichapisha mwaka 1937 kitabu kilichoipa tiba hiyo jina la aromatherapia, yaani matibabu kwa harufu za mimea. Tangu hapo imekua na kuwa biashara kubwa Ulaya na Marekani, na kutoka huko imerudi Afrika Mashariki ikiwa na lugha ya mitandao ya masoko, ambayo humfanya kila mnunuzi kuwa muuzaji na kila muuzaji kuwa tabibu. Ushahidi wa kisayansi ni mwembamba kuliko lugha hiyo, lakini haukosekani kabisa: vidonge vya mafuta ya peremende vilivyotengenezwa ili vipasuke utumboni huwapunguzia baadhi ya watu msokoto wa tumbo, na kwa wengi harufu wanayoipenda hushusha wasiwasi kwa muda, kwa kuwa neva za pua zimeungana kwa karibu na sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Kumtuliza mgonjwa ni jambo la thamani, lakini halimponyi malaria, kisukari wala shinikizo la damu, na anayemwahidi mtu hayo kwa chupa ya matone anamchelewesha kufika hospitali. Tanzania Bara imetenganisha mambo haya hata katika usimamizi, kwani tangu mwaka 2019 vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango na dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hivyo chupa iliyosajiliwa kama kipodozi na kudai kutibu imevuka mpaka wake.

Kipimo ndicho kiini cha matumizi ya kila siku. Mafuta ya mnukio hayapakwi matupu. Huchanganywa kwanza na mafuta ya kubebea, na pwani hakuna haja ya kuyatafuta mbali, kwani mafuta ya nazi na ya ufuta yanafaa vizuri. Kanuni inayonukuliwa mara nyingi ni asilimia 2, ambayo ni kama matone 12 katika mililita 30, kwa hesabu ya matone 20 kwa mililita moja, lakini kanuni hiyo inafaa mafuta ya upole kama lavenda na haifai yale yanayotoka katika ukanda huu wenyewe. Karafuu, kwa mujibu wa wataalamu wa usalama wa mafuta haya, haipaswi kuzidi nusu ya asilimia kwenye ngozi, yaani matone 3 tu katika mililita hizo 30, na mchaichai na langilangi pia hubaki chini ya asilimia 1, kwa kuwa huweza kuifanya ngozi ishike mzio ambao ukishaingia huwa vigumu kutoka. Mchanganyiko wa kipimo hicho unafaa kuchulia mgongo na miguu iliyochoka, na watumiaji wa mara ya kwanza hushauriwa kupaka kidogo upande wa ndani wa kigasha na kungoja siku moja. Kuyamimina katika maji ya kuogea hakuyapunguzi nguvu, kwa vile mafuta hayayeyuki majini bali hutanda juu na kushika ngozi yakiwa matupu, na ganda la ndimu lililokamuliwa bila moto hutoa mafuta yanayoweza kuibabua ngozi ikipigwa na jua.

Kuhusu kujifukiza, ambako kulienea mno Tanzania wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, tofauti ya jani na mafuta hurudi tena. Chungu chenye majani ya mkaratusi na mchaichai hutoa mvuke wenye mafuta kidogo, na hatari yake kubwa ni maji ya moto kumwagika. Matone mengi ya mafuta ya mkaratusi katika beseni hilo hilo huwasha macho na huweza kumbana pumzi mwenye pumu. Watoto wachanga hawapaswi kuwekewa mafuta ya mkaratusi wala ya peremende karibu na uso, kwa kuwa huweza kuwazuia kupumua, na mtoto akimeza mililita chache za mkaratusi au karafuu huweza kupatwa na degedege, kupoteza fahamu au kuumia ini. Chupa hizo, zinazonukia kama peremende za dukani, huwekwa juu na kufungwa kwa kifuniko cha usalama. Paka nao, ambao katika mitaa ya Mji Mkongwe ni wakazi kama wengine, hawana uwezo mzuri wa kuvunjavunja kemikali za aina ya eujenoli mwilini, hivyo kifaa cha kusambaza mvuke wa mafuta hakiachwi kikifanya kazi katika chumba kilichofungwa wakiwa ndani.

Mbu wanastahili neno moja. Mchaichai huwafukuza kwa muda mfupi tu, na kinachopendekezwa na wataalamu wa afya ya safari ni dawa iliyosafishwa kutokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo si sawa na mafuta yake ghafi na haitumiwi kwa watoto walio chini ya miaka 3. Kwa vyovyote vile, hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya chandarua.

Ni katika zawadi ambako desturi ya pwani ina mengi ya kufundisha. Mafundisho ya Mtume Muhammad yanamtaka Mwislamu asiikatae harufu nzuri anapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na yanukia vizuri, na kwa msingi huo manukato yakawa sehemu ya sanduku analopelekewa bibi harusi, pamoja na nguo, udi na chetezo chake. Somo anayemwandaa mwari humsugua kwa singo, mchanganyiko wa maua makavu, viungo na marashi, na kumpaka liwa, yaani unga wa mti unukiao uliosagwa kwa maji juu ya jiwe. Mpangilio huo ukichunguzwa, kila kitu chenye ukali kimefungwa ndani ya kingine kilicho laini: karafuu imo ndani ya unga, langilangi imo ndani ya mafuta ya nazi, waridi limo ndani ya maji, na udi, uliopikwa kwa sukari na mafuta ya kunukia, hufukizwa kwenye nguo zaidi kuliko mwilini. Waliobuni hayo hawakuwa na hesabu ya asilimia, ila walikuwa na ngozi za mabinti zao mbele yao, ambazo hazikutakiwa kuwashwa siku ya harusi.

Anayetaka kutengeneza zawadi ya namna hiyo leo hahitaji gharama kubwa. Chupa ya kioo cha kahawia ya mililita 30 iliyojazwa mafuta ya nazi yaliyochujwa vizuri na matone 3 au 4 ya langilangi huwa mafuta ya mwili ya kutosha kwa wiki kadhaa, na kibandiko chake huandikwa kilichomo, kiasi chake na tarehe, kwa sababu mafuta ya nazi huchacha na mafuta ya mnukio yaliyokaa muda mrefu yakiingiwa na hewa huanza kuwasha. Ikifungwa ndani ya kikapu kidogo cha ukili pamoja na kipande cha sabuni ya karafuu, inatosha kumpelekea mwenyeji bila kuona haya. Aliyejifungua karibuni humfaa zaidi marashi mawaridi au kikuba kisichomgusa mtoto kuliko chupa ya matone. Mjamzito, mwenye pumu na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huulizwa kwanza, na kuuliza huko hakumpunguzii mtoaji heshima. Harufu yenyewe pia ina adabu zake: karafuumaiti, ambayo wauzaji wa mafuta ya misuli huisifia kwa ubaridi wake, katika nyumba nyingi za pwani inanukia uoshaji wa maiti, na mtu mzima akipewa mafuta yenye harufu hiyo huweza kushukuru kwa mdomo huku moyo ukisema mengine. Wanaowapelekea jamaa walioko Muscat, London au Toronto hukumbuka kwamba katika viwanja vingi vya ndege mizigo ya mkononi haipokei chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100, na kwamba baadhi ya mafuta, yakiwemo ya mkaratusi, huhesabiwa na posta kuwa kimiminika kinachoshika moto.

Lipo swali la mwisho ambalo mtoa zawadi hulikuta kaunta, nalo ni la msandali. Kwa kuwa msandali wa India umeadimika na bei yake imepanda, wafanyabiashara waliugeukia msandali wa Afrika Mashariki, kijimti kinachoota katika nyanda kavu na miteremko ya mawe kutoka Ethiopia hadi Tanzania, na kwa sababu mafuta yake mengi yamo katika kiini cha shina la chini na mizizi, wavunaji hawakati matawi bali hung'oa mti wote. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kuuvusha mpaka kukahitaji vibali, ingawa magari yenye shehena yake yameendelea kukamatwa. Kinyume chake, mkarafuu huchumwa ukabaki umesimama, wakati mwingine kwa zaidi ya miaka mia, na makonyo yanayopelekwa Wawi ni mabaki ya zao ambalo lingechumwa hata kama kiwanda kisingekuwepo. Muuzaji wa mafuta ya msandali anapoulizwa mti wake uling'olewa wapi na kwa kibali cha nani, mara nyingi mazungumzo ya bei hufika mwisho hapo.